Papa Espagnol Hakuwa Mhispania

Fittja, Jumapili, mwishoni mwa Novemba.

Mvua iliyochanganyika na theluji, ile isiyojua yenyewe inataka kuwa nini. Saa tisa alasiri na taa za barabarani zimeshawaka. Nimekaa jikoni, miguu nimeielekeza kwenye kipasha joto, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sijavaa nguo nyeusi.

Jana tulitoa matanga ya Aurelio, tukafunga mwaka wa maombolezo.

Nilidhani leo nitaamka mwepesi. Nimeamka na hasira bado, ila ni hasira ya mtu aliyemaliza kazi na mikono inamuuma vizuri. Nataka kuiandika kabla haijapoa.

Kwa anayesoma hapa bila kunijua: Aurelio alikuwa mume wangu, dereva wa basi huku kusini mwa Stockholm. Alizaliwa Colombia, upande wa bahari ya Pasifiki, kwenye mto unaoitwa Timbiquí. Watu wa mto ule karibu wote ni weusi, weusi kama mimi niliyezaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo. Babu zao waliletwa kutoka Afrika kwa minyororo ili wawachimbie Wahispania dhahabu. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Kiatu kimoja kilikuwa tayari.

Alikuwa akimenya chungwa bila kukata ganda, kisha analiweka ganda juu ya kipasha joto hiki hiki. Nyumba nzima inanukia. Mwaka mzima nimefanya hivyo mwenyewe, lakini ganda langu hukatika.

Basi, mambo yalianza Jumatano.

Binti yetu Yadira, ana miaka kumi na sita, alirudi shuleni akaingia hadi jikoni na viatu vyake vya theluji. Katika nyumba ya Sweden hilo si jambo dogo. Sikumgombeza. Nilitazama maji yakitambaa sakafuni nikangoja.

Shuleni wanaandaa siku ya tamaduni. Wasichana wa asili ya Amerika ya Kusini, wanaojiita latina, walikuwa wanajipanga kwa ajili ya ngoma yao, Yadira akaenda kujiunga. Mmoja akamwambia mbele ya wote, "Wewe si latina. Wewe ni Mwafrika. Acha kujifanya." Wakacheka.

"Na mimi nikacheka, mama," Yadira akaniambia kwa Kiswidi, kwa sababu mimi humwongelesha Kiswahili na yeye hunijibu Kiswidi. "Umesikia? Na mimi nilicheka pamoja nao."

Nilitaka kumfariji. Nikamwambia jambo ambalo kwangu lilikuwa kama blanketi.

"Wala usihuzunike. Baba yako mwenyewe hakulipenda neno hilo."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango mara ya pili siku hiyohiyo. Akaenda chumbani kwake.

Ni kweli Aurelio hakulipenda. Alipofika Sweden, kabla hatujajuana, alikwenda kwenye sherehe ya chama cha watu wa Amerika ya Kusini. Mtu wa mlangoni akamsemesha Kiingereza, akamwonyesha kwa upole kabisa kwamba sherehe ya Waafrika iko ukumbi wa pili. Aurelio akamjibu kwa Kihispania cha mto, kile cha haraka kinachomeza nusu ya maneno. Yule mtu akaomba radhi, akamkaribisha, akamwita ndugu. Aurelio akaingia, akala, akaondoka mapema. "Ni wapole," aliniambia, "lakini mlango wanaoufungua ni wao, na ufunguo wanao wao."

Kanisani kwetu yalikuwa kinyume chake. Alipita nje akasikia ngoma za kwaya ya Wakongo, akaingia, akakaa nyuma. Akina mama wakamsalimia kwa Kilingala, akatabasamu. Wakamsalimia kwa Kiswahili, akatabasamu. Wiki nzima akasemwa: yule Mkongo mwenye maringo asiyejibu salamu za wakubwa! Ni mimi niliyegundua kwamba haelewi hata neno moja. Nilimwambia kwa Kiswidi, "Kaka, unatukosea heshima." Akasema, "Dada, mimi natoka Colombia." Nilifikiri ananitania.

Tangu siku hiyo kanisa zima likamwita Papa Espagnol, yaani Baba Mhispania kwa Kifaransa cha kwetu. Alilivumilia jina hilo miaka yote kwa ajili yangu. Nyumbani akilivua koti lake la kazi alikuwa akisema: walitununua, wakatupa dini yao na lugha yao, na bado nivae jina la nchi yao kifuani? Lakini akijigonga kidole cha mguu kwenye meza, alitukana kwa Kihispania. Na akisali, alisali kwa Kihispania. Nilimwonyesha hilo mara moja tu. Akasema lugha ameshaipa chakula muda mrefu, sasa ni yake.

Alhamisi akaja Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, na mfuko mkubwa. Kwetu siku ya kutoa matanga watu huvaa sare. Yeye alikuwa ameagiza fulana nyeupe. Mbele, picha ya Aurelio na kofia ya kazi, anacheka. Chini ya picha, kwa herufi kubwa: PAPA ESPAGNOL TUTAKUKUMBUKA.

"Mama Yadira, angalia vile Papa anang'aa!"

Nilishika fulana tu.

"Haikupendeza? Ni jina yake! Siye bote tulimuitaka vile."

"Mama Furaha, Espagnol ni mtu wa Uhispania."

"Mais, alikuwa anasema Espagnol!"

"Na weye unasemaka Français. Nilikuita Mfaransa siku gani?"

Akakaa juu ya kiti kama mtu aliyeangushiwa mzigo.

"Sasa tutafanya nini? Duka haizipokei tena." Kisha, kwa sauti ndogo: "Alikasirika na siye? Miaka yote ile?"

"Hapana," nikamwambia. "Aliwapenda."

Na hilo nalo ni kweli.

Alipoondoka nilimpigia Ramiro. Ramiro ni Mchile, mzee, alikuja hapa akiwa kijana mkimbizi wakati askari walipochukua nchi yao. Kwao alisomea historia, hapa alifundisha watoto Kihispania mpaka akastaafu. Ni baba wa ubatizo wa Yadira, kwa hiyo mimi kwake ni comadre na yeye kwangu ni compadre, na huo kwao ni udugu kamili. Nilimwambia, compadre, mimi sikusoma sana. Nieleze maneno haya yametoka wapi, maana Jumamosi mtu atasimama mbele ya watu aseme Aurelio alikuwa nani, na sitaki kumzika mara ya pili chini ya jina la mtu mwingine.

Alikuja jioni hiyohiyo, ana theluji kwenye nyusi. Alichukua kopo la chumvi akaliweka katikati ya meza.

"Hii ni Roma. Waroma waliiita ile rasi yote, Uhispania na Ureno pamoja, Hispania. Hapo ndipo linapotoka neno hispano. Mtu wa huko, au mtu wa lugha ya huko. Kwa neno hilo, Mhispania wa Madrid yumo. Mbrazili hayumo, kwa sababu anasema Kireno."

"Na Aurelio?"

"Kwa lugha, yumo. Kwa moyo, ulimsikia mwenyewe."

Kisha akachukua chungwa. Kilatini, alisema, ni lugha ya hao Waroma, mama wa Kihispania, Kireno na Kifaransa. Lakini kuita nchi zao Amerika ya Kilatini si jambo la zamani hivyo. Lilianza kushika katika karne ya kumi na tisa, na pale Paris hasa. Watu wa kwao waliokuwa wakiishi huko walilitaka, ili wasimame pamoja mbele ya jirani yao mkubwa wa kaskazini anayesema Kiingereza. Na mfalme wa Wafaransa alilipenda pia, kwa sababu zake: kama Walatini wote ni ndugu, basi na Mfaransa ni ndugu, anaweza kuingia bila kubisha hodi. Akapeleka askari Mexico.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Kama Kifaransa ni Kilatini, na mimi Uvira nilichapwa fimbo shuleni ili nikijue Kifaransa, basi na mimi ni latina?"

Ramiro alicheka hadi akakohoa. "Comadre, kwa sheria ya mfalme yule, wewe ni latina kunishinda mimi! Usiwaambie chamani, watakudai ada."

Nikasikia mlango wa chumba cha Yadira ukifunguka kidogo. Ramiro naye alisikia. Akapandisha sauti kidogo, yule mwalimu mjanja.

Akasema maneno haya yalipata nguvu mpya Marekani. Huko serikali huwahesabu watu kwa makundi. Watu wa asili ya Mexico, Puerto Rico na Cuba walikuwa wengi, lakini hesabu haikuwaona vizuri, na asiyeonekana hadai shule wala haki. Wakapigania waonekane. Ndipo katika miaka ya sabini serikali ikachagua neno la kuwaweka wote pamoja, ikachagua lile la Hispania. Wengi hawakulipenda. Wakasema sisi ni latino, na baadaye neno hilo likawekwa pia. Siku hizi vijana wanalibadilisha mwisho wake, ili lisiwe la mwanamume wala la mwanamke, na wazee kama Ramiro wanagombana nao kila Krismasi.

"Lakini sikilizeni," akasema, na hapo hakuwa anaongea na mimi tena. "Tangu zamani, karatasi zile za Marekani zinasema jambo moja wazi: mtu huyo anaweza kuwa wa rangi yoyote. Yoyote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mweusi atoke nje."

Yadira alikuwa amesimama mlangoni na soksi.

"Hapa Sweden hawaandiki hivyo," akasema.

"Hapa hawaandiki rangi wala kabila," Ramiro akamjibu. "Wanaandika ulikozaliwa. Wewe kwao umezaliwa hapo hospitalini, kwisha habari. Kwa hiyo, binti yangu, hakuna afisa wa kukupa neno hilo, na hakuna wa kukunyang'anya."

Yadira akanigeukia. "Mama, ulisema pappa hakulipenda."

"Hakulipenda."

"Colombia ilipokuwa inacheza alikuwa anasimama juu ya sofa! Alikuwa anapiga kelele 'sisi walatino' mpaka jirani anagonga ukuta. Wewe ndiye ulikuwa unamwambia ashuke."

Niliiona miguu ya Aurelio juu ya sofa, soksi moja imetoboka. Nilikuwa nimeisahau. Mwaka mzima nimekusanya kila kitu chake kidogo, ganda la chungwa, kamba ya kiatu, namna alivyokunja gazeti, na katika kukusanya nimechukua pia ugomvi wake na neno hilo nikaufunga kamba, nikautunza kama yeye mwenyewe. Kumbe ugomvi ule ulikuwa wake. Aliuanzisha alipotaka na kuuacha alipotaka. Sasa nilikuwa namlazimisha mtoto aurithi.

Hilo ndilo lililonikera zaidi kuliko fulana.

Ijumaa nilishona. Nilikata kitenge changu cha harusi, ile sehemu ya pembeni iliyochakaa, nikafunika neno ESPAGNOL kwenye fulana moja baada ya nyingine. Ikabaki: PAPA, kisha maua ya kitenge, kisha TUTAKUKUMBUKA. Yadira akaomba yake aishone mwenyewe. Kisha akatoka, hakusema anakwenda wapi.

Nikiwa nashona, Papa Elya, mzee wa kanisa, akapiga simu. Kwetu kabla mjane hajavuliwa nguo za matanga, mkubwa mmoja wa upande wa marehemu husimama akasoma maisha yake: nani alimzaa, wapi, ukoo gani. Kwa kuwa Aurelio hana ndugu huku, Papa Elya alijitolea.

"Mama Yadira, Mungu amenipa neno. Si jina la pili la marehemu lilikuwa Congo?"

Lilikuwa. Kwao kila mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na ukoo wa mama yake unaitwa Congo. Waliowauza babu zao ndio waliowaandika hivyo, kuonyesha mzigo umepakiwa upande gani.

"Basi nitasema, ndugu yetu alikuwa Mkongo, alipotea, na Bwana akamrudisha kwa mama yake. Watu watalia!"

Wangelia, najua. Hata mimi ningelia. Ni neno zuri na limetoka kwenye moyo mzuri. Lakini ule mto je? Bibi yake aliyekuwa akisimama majini na karai kuosha mchanga wa dhahabu je? Wazee wote wale waliozaliwa, wakaimba, wakafa pale, je, walikuwa wamepotea tu, wanangoja kurudi Fittja?

"Papa," nikasema, "maisha yake atayasoma Yadira."

"Mtoto? Wa kike? Desturi ni mkubwa wa upande wa marehemu."

"Upande wa marehemu huku Sweden ni yeye peke yake. Yeye ndiye mkubwa wao."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Eh, mama. Umenifunga kwa kamba yangu."

"Samahani, Papa."

"Usiombe samahani. Mwambie asome kwa sauti, masikio yangu yamezeeka."

Jana ukumbi ulijaa. Ramiro alikuja na wazee wenzake wa chamani, wote wamevaa fulana juu ya sweta. "Chini ya ua hili kumeandikwa Mhispania," alininong'oneza. "Babu yangu aliyewachukia Wahispania akijua atafufuka." Mama Furaha alikuwa na mashaka na mishumaa niliyopanga mezani. "Mama, mishumaa ni ya Bakatolika!" Nikamweleza: kule mtoni mtu akifa wanaimba usiku tisa, sauti tupu, bila ngoma, na usiku wa mwisho wanazima mishumaa mmoja mmoja na kuivunja meza ya marehemu, ili roho iende zake. Mwaka ukitimia wanamkumbuka tena.

Akafikiri. "Ile njo kutoa matanga, si vile?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Basi tutaimba bila ngoma," akasema, akaenda kuwaambia wapiga ngoma wakae chini, na sauti aliyotumia haikuruhusu swali.

Yadira akasimama. Nilitegemea Kiswidi. Alisoma kwa Kiswahili.

Kiswahili chetu cha Uvira, cha nyumbani, kile asichonijibu nacho tangu alipoanza shule. Ijumaa alikuwa amekwenda kwa Mama Furaha, kumbe. Nilimwona Mama Furaha akitembeza midomo pamoja naye, neno kwa neno.

Alitaja mto. Alitaja bibi yake na karai. Alitaja jina la Congo na akasema wazi nani aliliandika na kwa nini. Akasema, "Papa hakukuwa Mhispania. Hakukuwa Mukongo, hata kama aliwapenda Bakongo mpaka akaoa mumoja." Watu wakacheka, Papa Elya zaidi ya wote. Kisha akainua kichwa.

"Neno latino alikuwa analikataa asubui, analikubali magaribi. Ilikuwa haki yake. Miye nalikamata. Miye niko latina. Niko mutoto wa Uvira na niko mutoto wa Fittja. Mwenye haamini aniulize. Asiniambie."

"Eeeeh!" ukumbi ukaitika. Mmoja wa wazee wa Ramiro, ambaye hakuelewa ila neno moja tu, alipiga meza kwa kiganja.

Yadira akazima mshumaa wa mwisho. Akina mama wakanichukua, wakanivua nguo nyeusi, wakanivalisha kitenge cha njano. Sikulia pale. Nililia baadaye nikiosha masufuria, kwa sababu Aurelio ndiye aliyekuwa anayakausha.

Sasa ni jioni na theluji imeshinda mvua. Kesho ndiyo siku ya tamaduni shuleni. Yadira atavaa fulana yake. Juu ya kipande cha kitenge ameandika kwa wino mweusi, pale lilipokuwa neno la watu wengine: LATINA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Timbiquí, Uvira, Fittja.

Aliniuliza kama ni kumkosea baba yake. Nilimwambia fulana ilikuwa na neno alilolichukia na bado alikuwa anacheka pichani. Hili analoliandika binti yake ataliweza.

Nimeipiga pasi kwa upande wa ndani, wino usichujuke.

Najua yule msichana anaweza kucheka tena. Fulana haimzibi mtu mdomo. Sawa. Yadira akirudi na viatu miguuni mpaka jikoni, nitafuta sakafu, nitamenya chungwa, na keshokutwa atakwenda tena amevaa hiyohiyo.